Ujumbe niliomtumia mtu mmoja tu nimesomewa ofisini. Umefikaje kule?

#1 Mkwezi wa Meru
Wakuu salaam. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, naomba wenye uelewa mnisaidie.

Mimi ni muongoza watalii hapa Arusha, naishi Sakina. Tuna kundi la WhatsApp la waongozaji na madereva, watu mia na kitu. Mwezi uliopita lilichemka kwa sababu ya ushuru wa maegesho ulioanza kudaiwa magari yetu. Watu walilalamika, nami nikalalamika. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu, naitwa ofisi fulani ya umma ambayo sitaitaja. Nikaenda.

Afisa hakunitukana wala hakunishika. Alikuwa na karatasi zilizochapwa, akaanza kunisomea maneno yangu. Yale ya kwenye kundi hayakunishangaza, watu mia wako mle. Lakini karatasi ya tatu ilikuwa na ujumbe niliomwandikia rafiki yangu peke yake, saa nne usiku, nikiwa nimeshalala kitandani. Akaniambia "punguza maneno", kisha akaniruhusu kuondoka.

Rafiki huyo nimesoma naye tangu darasa la kwanza Ngaramtoni. Ndiye aliyenisimamia harusi. Ameapa kwamba hakumpelekea mtu. Kama si yeye, ni nani? Wana uwezo wa kusoma WhatsApp? Tangu siku ile hata mke wangu nikimwandikia nafuta, naandika upya, nafuta tena.

#2 Chalii wa Sombetini
Pole sana kaka. Jibu fupi: rafiki yako.

#3 Loita
#2 kamaliza. Kikulacho ki nguoni mwako.

#4 Nyota ya Pasua
Msimrukie rafiki wa watu bila ushahidi. Serikali ina mtambo tangu 2013, unaitwa TTMS, uko TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, na mawasiliano yote ya nchi hii yanapita pale. Mkwezi, bonyeza *#21# kwenye simu yako. Ukiona orodha ya huduma imetokea, ujue unasikilizwa. Mimi nilibonyeza nikiwa hapa Moshi ikatokea, tangu hapo mambo ya maana naongea uso kwa uso tu.

#5 Fundi Kaloleni
Nyota, hiyo *#21# imewatia watu hofu ya bure miaka mingi sana. Inachoonyesha ni kama simu zako zimeelekezwa namba nyingine, basi. Ile orodha hutokea kwa kila mtu, na mara nyingi mbele yake pameandikwa kwamba hakuna kilichoelekezwa. Ukikuta kweli kuna namba usiyoijua pale, bonyeza ##002# ufute yote, kwa sababu matapeli wanatumia sana njia hiyo kupokea namba za uthibitisho zinazosomwa kwa simu. Lakini mtu anayekusikiliza kupitia mtandao wenyewe hawezi kuonekana kwa kubonyeza chochote kwenye simu yako.

#6 Wakili wa Rau
Na kwenye TTMS pana kosa pia. Mtambo ulifungwa 2013, hapo uko sahihi. Kazi yake iliyotangazwa ni kuhesabu: dakika ngapi zimepigwa, simu ngapi za kimataifa zimeingia, mapato ni kiasi gani, na kukamata wanaoingiza simu za nje kwa njia za panya. Kuhesabu magari pale Kwa Mrombo si sawa na kuwajua waliomo ndani na wanachozungumza.

Mkwezi, swali lako lina pande mbili: wanaweza, na wanaruhusiwa. Nianze na la pili. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inasema una uhuru wa kufanya mawasiliano na kutoingiliwa katika mawasiliano yako. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 120, inafanya kuwa kosa kunasa mawasiliano ya mtu bila mamlaka ya kisheria. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 yenyewe, ambayo ni kali, inataka polisi apate kwanza ridhaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aombe amri mahakamani ndipo anase. Kwa ushuru wa maegesho sioni mlango wowote uliofunguliwa hapo.

#7 Chalii wa Sombetini
Wakili, mbona umeruka Sheria ya Makosa ya Mtandao? Ile ya 2015.

#8 Wakili wa Rau
Sikuiruka, nilikuwa naifuata. Kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa cheo kama hicho, uwezo wa kutoa amri kwa mtu yeyote mwenye data inayohitajika kwenye upelelezi wa jinai, na aitoe. Mahakama inaingia pale tu njia hiyo ikishindikana. Kifungu hicho ndicho kinachonikera kuliko vyote, na nimekisoma mara nyingi nikitafuta pa kupumulia. Jamii Media, wenye jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, walikwenda Mahakama Kuu kukipinga, kikabaki. Desemba 2016 mkurugenzi wao, Maxence Melo, akakamatwa baada ya kukataa kutoa taarifa za wanachama wa JamiiForums, akapandishwa kizimbani. Kwa hiyo anayeulizwa akikataa, anaumia yeye. Makampuni mangapi yana moyo huo?

Ila angalia: kifungu kinazungumzia data aliyonayo mtu. Kampuni ya simu haina maneno ya WhatsApp yako. Haiwezi kutoa isichokuwa nacho.

#9 Nyota ya Pasua
Nashukuru kwa masahihisho, Fundi na Wakili. Lakini nani ametuhakikishia kwamba mtambo wa kuhesabu haufanyi na kazi nyingine? Sisi tunaambiwa tu.

#10 Fundi Kaloleni
Hapo sina jibu, na sitajifanya ninalo. Ninachojua ni njia za kawaida, na za kawaida zinatosha. Ngoja nizieleze taratibu, maana kila siku nakutana nazo hapa kibandani.

SMS na simu ya kawaida: mtandao wako unauona ujumbe wote, na rekodi ya nani kampigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, kupitia mnara upi. Ile rekodi ya mnara inatosha kusema jana saa mbili ulikuwa Usa River na saa nne ulikuwa Njiro.

WhatsApp: tangu 2016 maneno yamefumbwa kutoka simu yako hadi simu ya mwenzako. Katikati hapasomeki. Lakini kinachofumbwa ni maneno tu, mtandao bado unajua kwamba unatumia WhatsApp na muda unaotumia. Na bekapu! Ukihifadhi mazungumzo Google Drive bila kuwasha ulinzi wa bekapu, ile nakala haina kufumbwa kule. Kuna sehemu ya kuweka nywila ya bekapu tangu 2021, na kwa wateja wangu sijamkuta aliyeiwasha.

Kisha ziko ncha mbili: simu yako na simu ya rafiki yako. Huko maneno yako wazi, maana macho ya mtu lazima yasome. Mtu akitaka maneno yako haendi hewani, anakwenda kwenye ncha. Kwa hiyo Mkwezi, nijibu haya. Umewahi kuacha simu kwa fundi na namba ya siri? Umewahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya mtu? Je, mwenzako?

#11 Mkwezi wa Meru
Nimesoma yote wakuu, asanteni. Fundi, umenigusa penyewe. Machi nilibadilisha kioo karibu na soko la Kilombero, nikaacha simu kutwa nzima na namba ya siri, kwa sababu fundi alisema anahitaji kujaribu mguso. Na steshenari naenda kila wiki kuchapa vocha za hoteli na vibali vya wageni. Naskani msimbo kwenye kompyuta yao, nachapa, naondoka. Kujitoa huwa nasahau.

#12 Loita
Kila wiki! Kaka, umegawa funguo za nyumba halafu unauliza mwizi kapitia wapi.

#13 Mama Kilombero
Loita usimseme vibaya. Sote tunachapa hivyo hivyo. Nani ana printa nyumbani?

#14 Fundi Kaloleni
Mkwezi, fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, tuambie unaona nini.

#15 Mkwezi wa Meru
Kimoja tu, cha juzi, steshenari ninayoijua. Nimekitoa. Vya zamani sioni.

#16 Fundi Kaloleni
Kutoviona hakumaanishi havikuwepo. Kifaa kikikaa muda bila kutumika kinajitoa chenyewe.

#17 Binti Machame
Habari za jioni. Naomba niseme jambo ambalo huenda halitapendwa. Mwaka jana mama yangu, wa huku Kibosho, alipigiwa simu na mtu aliyejifanya ni wa kwenye mtandao wake, akamtajia jina lake kamili na jina la laini, akamwambia bonyeza hiki bonyeza kile. Shilingi laki nane za kuuza kahawa na ndizi zikaondoka. Mama aliugua, si utani, presha ilipanda tukalala naye hospitali. Waliokamatwa walipatikana kwa sababu polisi waliomba rekodi za namba zile, na mnara ukaonyesha walipo. Sasa mkisema rekodi zisitolewe, mama yangu angesaidiwa na nani?

#18 Bibi wa Kiboriloni
Pole sana mwanangu, na mpe pole mama. Mimi hizo SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" nazipeleka 15040 zote, ile namba ya kuripoti matapeli, kwa mkono wangu.

#19 Wakili wa Rau
Binti Machame, hakuna anayesema rekodi zisitolewe. Kwa mama palikuwa na mlalamikaji, jalada, kosa la jinai na namba inayojulikana. Kwa Mkwezi hakuna mlalamikaji, hakuna jalada, hakuna kosa. Aliitwa kwa mdomo, akasomewa, akaonywa, akaondoka bila karatasi hata moja mkononi. Hata akitaka kukata rufaa, atapinga uamuzi upi? Nimefanya kazi hii miaka mingi, na vitu visivyo na karatasi ndivyo vinavyowaumiza watu zaidi.

#20 Binti Machame
Nimekuelewa kaka. Ila huyo tapeli alijuaje jina kamili la mama? Hilo nalo ni swali la faragha, tena kwangu ndilo kubwa kuliko serikali.

#21 Chalii wa Sombetini
Alijua kwa sababu majina yetu yako kila mahali. Tulipoanza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2020 tuliambiwa utapeli utakwisha.

#22 Mzee wa Ngarenaro
Sahihisho dogo kijana wangu. Usajili wa vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho ulipangwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilipanga foleni ya kitambulisho cha NIDA siku tatu, na umri wangu huu. Na kila mmoja humu abonyeze *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake. Mimi nilikuta moja nisiyoijua, iliyosajiliwa na kijana mwenye mwavuli aliyenibonyezesha kidole mara mbili akidai mashine haikusoma.

Tena niwaambie vijana, jambo hili si geni. Tulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala kwako, balozi anajua kabla ya kifungua kinywa. Simu ya nje ya mji ulikuwa unaombewa na opereta wa posta, na ulijua kabisa kwamba anaweza kusikia, kwa hiyo ulisema "yule mtu amefika salama" bila kutaja jina. Tofauti ni kwamba balozi nilimjua kwa sura. Nilijua ni mkwe wa nani, na akizidisha tulimsema kwenye mkutano. Huyu anayemsoma Mkwezi hana sura.

#23 Mama Kilombero
Shikamoo mzee. Nimebonyeza sasa hivi, ninazo nne na natumia mbili. Kesho naenda kuzifuta.

#24 Mzee wa Ngarenaro
Marahaba mama. Nenda mapema, foleni.

#25 Yeiyo wa Sanawari
Na mimi naomba kuuliza, ingawa natoka kidogo nje ya mada. Wiki iliyopita niliongea na dada yangu kuhusu mashine ya kukamua juisi ya miwa. Kuongea tu kwa mdomo, simu iko mezani. Jioni matangazo ya mashine hiyo yakajaa. Simu zinatusikiliza?

#26 Fundi Kaloleni
Yeiyo, wengi wanasema hivyo. Mara nyingi dada yako ndiye alitafuta hiyo mashine kwenye simu yake, mkawa kwenye Wi-Fi moja, sehemu moja, na mna namba za kila mmoja kwenye orodha. Wauza matangazo wanaunganisha hapo. Hawahitaji kusikia, wanajua vya kutosha. Ila pita kwenye ruhusa za programu, uone ni zipi umezipa maikrofoni. Programu ya tochi haina haja na maikrofoni.

#27 Yeiyo wa Sanawari
Dada kweli alitafuta! Nimempigia. Asante.

#28 Nyota ya Pasua
Turudi kwa Mkwezi. Mnaongea kana kwamba mambo ya serikali na makampuni ni ya kubuni. Mwaka 2013 Edward Snowden alionyesha nyaraka za mashirika ya ujasusi, NSA ya Marekani na GCHQ ya Uingereza, na zilikuwa za kweli. Mwaka 2019 watu kama 1,400 duniani waliingiliwa simu zao kupitia WhatsApp kwa programu ya kijasusi ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli. Simu inaita, hata usipoipokea programu inaingia. Na hapa kwetu, Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika juu ya shauri la ajira kule London, ambako mpelelezi wa zamani wa kampuni ya simu alidai kwamba taarifa za simu za mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, pamoja na mahali alipokuwa, zilikuwa zikipelekwa serikalini wiki kadhaa kabla hajapigwa risasi Dodoma, 7 Septemba 2017. Nililia niliposoma ile habari. Sijali mtu ni wa chama gani.

#29 Wakili wa Rau
Habari hiyo ninaijua, na ni nzito. Nisisitize neno lako "alidai", maana wasomaji wengine watalichukua kama hukumu.

#30 Fundi Kaloleni
Pegasus ipo, sikatai. Lakini ni ghali mno, huuzwa kwa serikali, na anayetumia silaha ya namna hiyo haitumii kwa muongoza watalii aliyelalamikia maegesho, halafu akamsomea kwenye karatasi ili ajue. Kwangu mimi hii ya Mkwezi ina harufu ya jirani, si ya setelaiti.

#31 Nyota ya Pasua
Au ndivyo wanavyotaka tufikiri. Mtu akimshuku rafiki yake, kundi linavunjika lenyewe bila kuguswa. Mkwezi, wangapi wametoka kwenye kundi lenu tangu uitwe?

#32 Mkwezi wa Meru
Thelathini na moja. Waliobaki wanatuma picha za maua na "amina".

#33 Loita
Hii imeniuma kuliko yote.

#34 Mangi wa Mbuyuni
Niwape uzoefu wa upande wa pili. Nilikuwa na intaneti kafe hapa Moshi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilipotoka, tulitakiwa kufunga kamera na kuandikisha kila anayeketi kwenye kompyuta. Nilifunga. Wanafunzi waliendelea kuja, lakini kuna mzee alikuwa akija kila Jumatano kumwandikia mwanaye aliyeko Ujerumani, alipoiona kamera juu ya kichwa akaniuliza, "Mangi, hiyo inasoma barua zangu?" Nikamwambia hapana, inaona kisogo tu. Hakurudi. Nilifunga biashara mwaka uliofuata, sababu zilikuwa nyingi, simu janja ndiyo kubwa, lakini yule mzee namkumbuka.

Mkwezi, niseme kwa haki: kwenye kompyuta zangu nilikuwa nakuta akaunti za watu ziko wazi kila jioni. Barua pepe, Facebook, kila kitu. Nilizifunga kwa sababu mama alinilea hivyo. Wangapi wamelelewa hivyo, sijui.

#35 Chalii wa Sombetini
Suluhisho si VPN tu wakuu, ile programu ya kuficha unapopitia mtandaoni? Unaweka, unalala.

#36 Fundi Kaloleni
VPN inaficha njia, haifichi ncha. Aliyeskani msimbo steshenari hata awe na VPN kumi, dirisha liko wazi.

#37 Wakili wa Rau
Na tangu Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN wazitolee taarifa, mwisho ukiwa tarehe 30 ya mwezi ule. Adhabu ya matumizi kinyume cha kanuni ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Usimwambie mtu "weka ulale".

#38 Mama Kilombero
Wakili, kuna ile ofisi mpya ya kulinda taarifa zetu, ya 2022. Mkwezi hawezi kwenda?

#39 Wakili wa Rau
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ikazinduliwa na Rais Samia 3 Aprili 2024. Anaweza kupeleka malalamiko, hasa dhidi ya steshenari au fundi kama ikithibitika wao ndio walitoa. Dhidi ya vyombo vya usalama sheria yenyewe imeacha milango mikubwa kwa jina la usalama wa taifa na upelelezi.

Na kabla hamjasema: ndiyo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, bado inampokea mwananchi, kwa sharti afike ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee au alijue. Mkwezi, siku zako zinahesabika.

#40 Mkwezi wa Meru
Kaka, mimi nina wageni wa Kilimanjaro wiki ijayo na watoto wawili shuleni. Kesi sina nguvu nayo. Nataka tu kujua.

Lakini kusoma posti zenu kumenikumbusha kitu. Ule ujumbe nilipoutuma niliandika "wanatunyonya". Dakika kama mbili baadaye nikaona ni neno kali, nikauhariri, nikaweka "wanatuumiza". Rafiki yangu alijibu baada ya hapo. Kwenye karatasi ya afisa paliandikwa "wanatunyonya". Nina hakika, kwa sababu alilisoma neno hilo mara mbili huku akinitazama.

#41 Fundi Kaloleni
Subiri. Hii inabadilisha mambo. Ukihariri, pande zote zinaonyesha neno jipya, na kompyuta iliyounganishwa pia. Kwa hiyo aliyelipata neno la kwanza aliliona ndani ya dakika zile mbili, au ana kitu kinachotunza maneno yaliyobadilishwa. Rafiki yako anatumia WhatsApp ya kawaida, au ile ya GB?

#42 Chalii wa Sombetini
Nilisema tangu #2.

#43 Loita
Hapana Chalii, tulia. Hata mimi natumia GB, ninaona ujumbe uliofutwa. Hainifanyi mmbea. Na nilichosema #3 nakirudisha.

#44 Fundi Kaloleni
Loita, itoe hiyo leo. Si ya WhatsApp wenyewe, haijulikani nani ameitengeneza, na kila unachoandika kinapita mikononi mwake. Simu za Android nazo zina historia ya arifa, mtu akiiwasha inatunza arifa kama ilivyoingia mara ya kwanza, na wa pembeni akishika simu anaisoma. Kwa hiyo kuna rafiki, kuna GB, kuna arifa, kuna mtu wa pembeni aliyekuwa macho saa nne usiku.

#45 Nyota ya Pasua
Na kuna mtambo unaotunza kila kitu kama kilivyopita mara ya kwanza. Mbona huo hauorodheshi?

#46 Fundi Kaloleni
Kwa sababu kilichopita kimefumbwa, Nyota. Lakini sawa, uweke wa tano.

#47 Bibi wa Kiboriloni
Mwanangu Mkwezi, kabla ya yote nenda ukae na rafiki yako. Msiulizane kwa simu.

#48 Mkwezi wa Meru
Nimefanya hivyo bibi, nimetoka huko sasa hivi. Tumekaa Mbauda, tumeagiza nyama, hatukuila. Kabla sijamaliza kueleza alitoa simu yake akaifungua, akaiweka mezani mbele yangu. Nilishindwa kuishika. Akaniambia "tuangalie wote".

WhatsApp yake ni ya kawaida, GB aliacha zamani. Historia ya arifa imezimwa. Lakini kwenye vifaa vilivyounganishwa kuna kompyuta moja, imetumika leo mchana. Alishtuka. Anasema Februari aliifungua kwenye kompyuta ya ofisini kwao ili achape orodha ya magari, na kompyuta ile wanaitumia watu sita, wengine zamu ya usiku.

#49 Chalii wa Sombetini
Zamu ya usiku. Saa nne.

#50 Fundi Kaloleni
Mkwezi, msikiondoe hicho kifaa kwanza! Kipigeni picha, ionekane jina la kompyuta na saa ya mwisho kutumika. Mkikitoa hamtabaki na kitu.

#51 Mkwezi wa Meru
Kimeshatolewa, Fundi. Alikibonyeza pale pale, kabla sijasema neno.